UZI: Viza ya mwenye pensheni na viza ya mwenye laptopu, na kwa nini tunazichanganya

1. Kila mjadala wa wageni ukipamba moto hapa Kenya, utasikia sauti mbili. Mmoja anasema, "Wacha waje, wanakuja na pesa zao." Mwingine anajibu, "Wanatupandishia kodi ya nyumba." Wote wana sehemu ya ukweli, ila mara nyingi hawazungumzii mtu mmoja. Wa kwanza anamfikiria mzee mstaafu wa Malindi. Wa pili anamfikiria kijana wa laptopu pale Kilimani. Sheria inawatenganisha hao wawili, na ina historia yake. Hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Twende polepole.

2. Kwanza tuelewane. Mtu wa kwanza pesa yake inaingia hata akiwa amelala: pensheni, kodi ya nyumba alizopangisha kwao, faida ya hisa, riba ya benki. Mtu wa pili anafanya kazi kila siku, lakini mwajiri au wateja wake wako nchi nyingine. Wote wanaishi kwa pesa ya kutoka nje. Tofauti ni kwamba wa pili akiacha kufanya kazi leo, mwezi ujao mfuko umekauka.

3. Sheria za uhamiaji za zamani zilijengwa juu ya hofu mbili. Moja, mgeni atachukua kazi ya mwananchi. Mbili, mgeni ataishiwa na kuwa mzigo kwa serikali. Mwenye pensheni alituliza hofu zote mbili kwa mpigo: ana pesa, na ameahidi hatatafuta kazi. Wakati wa ukoloni hapa kwetu kulikuwa na walowezi walioishi hivyo hivyo, kwa pesa za ukoo zilizotumwa kutoka Uingereza. Hakuna aliyewauliza mbona hawafanyi kazi.

4. Baada ya uhuru tukaandika sheria yetu wenyewe, Sheria ya Uhamiaji ya 1967. Wengi wanaikumbuka kwa sababu ya Waasia. Wale ambao hawakuwa na uraia walihitaji kibali ili waendelee na kazi au biashara. Maelfu wakafunga virago kwenda Uingereza, mpaka Uingereza nayo ikapitisha sheria ya kuwazuia mapema 1968.

5. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo vibali vilipangwa kwa herufi, na herufi moja haikupigiwa kelele: K. Hiki kilikuwa kibali cha mtu mwenye pato la uhakika, anayeahidi kutofanya kazi ya malipo. Hebu tafakari hapo. Mwenye duka aliyeamka alfajiri kila siku alibanwa. Mwenye pesa asiyefanya kazi alifunguliwa mlango. Hii si tabia ya Kenya peke yake. Utaikuta karibu kila nchi katika uzi huu.

6. Kibali K bado kipo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilikibakiza. Masharti kwa ufupi: umri usiopungua miaka 35, pato la uhakika la angalau dola 24,000 kwa mwaka lisilotokana na ajira, na ile ahadi ya zamani kwamba hutafanya kazi ya malipo. Ukiona mzee wa kigeni ametulia pwani miaka nenda miaka rudi bila ofisi wala biashara, mlango uliowekwa kwa mtu kama yeye ndio huo.

7. Malindi na Watamu ni mfano mzuri. Waitaliano walianza kuja kwa wingi miaka ya 1960, wakati Italia ilipojenga kituo cha San Marco cha kurusha setilaiti pale Ngomeni. Wakafuata watalii, wakafuata wenye hoteli, wakafuata wastaafu. Leo kuna vijana wa Malindi wanaoongea Kiitaliano bila kukanyaga Italia. Ajira zimepatikana, na bei za viwanja karibu na bahari nazo zimepanda. Faida na hasara zilikuja ndani ya gari moja.

8. Sasa tuvuke bahari, kwa sababu nchi inayotufundisha vizuri zaidi hapa ni Ureno. Imekuwa na viza zote mbili, kila moja na masharti yake, na matokeo tumeyaona. Pia ni mojawapo ya nchi zinazotajwa sana na Wakenya wanaotafuta njia ya kuingia Ulaya.

9. Mwezi wa Julai 2007 Ureno ilipitisha sheria mpya ya wageni. Ndani yake kulikuwa na viza iliyokuja kujulikana kama D7, ya wastaafu na watu wanaoishi kwa mapato yao. Sharti la pesa lilikuwa jepesi: uwe na pato linalolingana na kima cha chini cha mshahara cha Ureno. Kwa mwaka 2025 hiyo ni euro 870 kwa mwezi. Mwenzi wako anaongeza asilimia 50, kila mtoto asilimia 30.

10. Halafu uchumi ukaanguka. Mwaka 2009 Ureno ilikuwa imeshaanzisha nafuu ya ushuru kwa wakaazi wapya. Mwaka 2011 ikaenda kukopa euro bilioni 78 kuokoa nchi. Mwaka 2012 ikafanya mambo mawili: ikalegeza sheria ya kodi za nyumba, na ikafungua viza ya wawekezaji, ambapo mtu akinunua nyumba ya euro 500,000 anapata ukaazi. Nchi yenye njaa haichagui mgeni. Inachagua pesa.

11. Hapo ndipo majirani walianza kulalamika. Wazee wa Ufini na Uswidi walihamia Ureno, na chini ya ile nafuu pensheni zao zikawa hazikatwi ushuru huko kwao wala Ureno. Ufini ikavunja mkataba wake wa ushuru na Ureno, ukakoma 2019. Uswidi nayo ikavunja wake, ukakoma 2022. Ureno ilijaribu kupoza mambo mwaka 2020 kwa kuweka ushuru wa asilimia 10 kwa pensheni za wageni wapya.

12. Funzo la kwanza, liweke kando: "pesa ya nje" ina mwenyewe huko nje. Pensheni ya mzee ilichangiwa miaka 40 katika nchi iliyomsomesha na kumtibu. Akihama nayo, kuna serikali nyingine inayohesabu hasara. Mtu akikuambia wastaafu ni pesa ya bure, mkumbushe Ufini.

13. Mwaka 2020 korona ikafunga ofisi za dunia. Ghafla mamilioni ya watu waligundua kwamba bosi haoni kama uko chumbani kwako au ufukweni. Nchi za utalii zilikuwa hoi, hoteli tupu. Barbados ikatangaza viza ya mwaka mmoja mwezi Julai 2020, kwa mtu mwenye pato la dola 50,000 kwa mwaka. Estonia ikafuata tarehe 1 Agosti 2020, ikitaka euro 3,504 kwa mwezi. Viza ya laptopu ikazaliwa hivyo, mtoto wa janga.

14. Kwa Ureno kulikuwa na shida. Mwenye laptopu hakuwa na mlango wake, kwa hivyo wengi walibisha ule wa D7, mlango wa wazee. Swali likaibuka: mshahara unaolipwa na kampuni ya nje ni pato la aina gani? Uhispania ilikuwa na viza kama hiyo kwa wasiofanya kazi, na jina lenyewe lilieleza: kazi ni marufuku. Ureno ilikuwa haijafunga mlango kwa ukali huo.

15. Tarehe 30 Oktoba 2022 Ureno ikafungua mlango wa pili, ambao leo watu wanauita D8. Huu ni wa anayefanya kazi ya mbali kwa mwajiri au wateja walio nje ya Ureno. Sharti: pato la mara nne ya kima cha chini cha mshahara. Mwaka huo kima cha chini kilikuwa euro 705, kwa hivyo mwombaji alihitaji euro 2,820 kwa mwezi. Kufikia 2025 imekuwa euro 3,480.

16. Linganisha hapo, kwa sababu ndio kiini cha mambo. Mwaka 2025 asiyefanya kazi anaulizwa euro 870. Anayefanya kazi anaulizwa euro 3,480. Nchi ni moja, mji ni mmoja, mkate ni wa bei moja. Wa kwanza ni kama anaulizwa, "Je, utajilisha?" Wa pili ni kama anaulizwa, "Je, utatuletea faida?" Hayo ni maswali mawili tofauti, na kila moja limeandikiwa bei yake.

17. Usidhani mara nne ni hesabu iliyoshuka kutoka mbinguni. Uhispania ilifungua viza yake ya laptopu kwa sheria ya Desemba 2022. Kwa mwaka 2025 asiyefanya kazi anahitaji euro 2,400 kwa mwezi huko, na mwenye laptopu zaidi kidogo ya euro 2,700. Pengo ni dogo sana. Majirani wawili, mpaka mmoja, hesabu mbili. Kiwango cha pesa ni uamuzi wa kisiasa. Ukisikia mtu anasema "hicho ndicho kiwango cha kimataifa", muulize cha nchi gani.

18. Sasa tuje kwa kilio cha nyumba. Aprili 2023 Wareno walijaa barabarani Lisbon na miji mingine wakidai nyumba za kuishi. Oktoba 2023 sheria ikaondoa ununuzi wa nyumba kama njia ya kupata ile viza ya wawekezaji. Mwaka 2024 ile nafuu ya ushuru ya 2009 ikafungwa kwa wageni wapya, wakabakishwa wachache wa mpito. Lakini D7 na D8 zikabaki.

19. Tuwe wa haki. Mwenye laptopu hakuleta shida ya nyumba Lisbon peke yake. Sheria ya kodi ya 2012 ilikuwa imelegezwa, vyumba vingi viligeuzwa vya watalii wa siku mbili tatu, na ujenzi ulikuwa umezorota kwa miaka. Ila hesabu haidanganyi: serikali ikisema mgeni lazima apate mara nne ya mshahara wa chini, imeandika kwenye sheria kwamba atakayeshindana na mhudumu wa hoteli kwa chumba kile kile ana uwezo mara nne yake. Mwenye nyumba atampa nani?

20. Na ofisi zenyewe? Oktoba 2023 idara ya zamani ya uhamiaji ya Ureno ilivunjwa, ikaundwa nyingine iitwayo AIMA, ikarithi mafaili ya watu karibu 400,000 waliokuwa wakisubiri majibu. Kufungua mlango kwa tangazo ni siku moja. Kuajiri makarani wa kushughulikia foleni ni kazi ya miaka. Hilo huwa halisemwi jukwaani.

21. Turudi nyumbani. Januari 2024 Kenya iliondoa viza za kuingia na kuweka idhini ya usafiri ya mtandaoni. Oktoba 2024 ikatangazwa kibali kipya, herufi N, cha wanaofanya kazi ya mbali kwa waajiri walio nje. Kwa nini herufi mpya? Kwa sababu K haikuwafaa: wengi hawajafika miaka 35, na K inakataza kazi. Mwenye laptopu alikuwa anaingia kama mtalii, anafanya kazi kimya kimya, anatoka. N inamtoa kwenye kivuli. Kama sheria, hiyo ina mantiki.

22. Lakini tufanye hesabu ile ya Lisbon hapa kwetu. Dola 24,000 za kibali K ni kama shilingi milioni 3.1 kwa mwaka, yaani karibu shilingi 258,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara cha kibarua wa kawaida Nairobi ni karibu shilingi 16,000. Ureno pengo la mwenye laptopu ni mara nne. Kwetu, mgeni wa pensheni tayari yuko mara kumi na sita, na huyo ni yule wa kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Wareno waliandamana. Sisi hata hatujaanza kuhesabu.

23. Jambo la ushuru pia. Kwa sheria yetu, mtu asiye na makazi ya kudumu hapa akikaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, anahesabiwa mkaazi kwa ushuru. Kwa hivyo swali la maana si "wanakuja na pesa?" Swali ni: akimaliza miezi saba Diani, analipa nini, wapi, na nani anafuatilia? Mama mboga analipia soko kila asubuhi. Mgeni wa mara kumi na sita naye tujue analipia wapi.

24. Sasa upande wa pili, kwa sababu Mkenya si mwenyeji tu. Naye ni mwombaji. Tuna vijana wanaoandika programu, wanaochora, wanaotafsiri na kujibu simu za wateja wa Marekani wakiwa Rongai. Kwao, mwaka 2025 D8 ilitaka karibu nusu milioni ya shilingi kila mwezi. D7 ilitaka karibu shilingi 125,000, lakini lazima ziwe pensheni, kodi ya nyumba au faida, si mshahara.

25. Ona matokeo yake. Mwenye ploti Ruaka inayomletea 130,000 kwa mwezi, kwa karatasi, alifikia kiwango cha D7 cha 2025. Mwandishi wa programu anayepokea 400,000 kwa jasho lake hafikii D8, na D7 si yake. Ni ule mlango wa 1967, sasa uko Lisbon: pesa iliyokaa inapita, mikono inayofanya kazi inaulizwa zaidi.

26. Kwa anayechagua kweli, mambo manne. Kama pesa yako inatokana na kazi, usiivishe nguo ya pensheni. Utaulizwa tena siku ya kuongeza muda. D8 ina sura mbili, ya kukaa kwa muda mfupi na ya kuelekea ukaazi, soma fomu yako vizuri. D7 ikishakupa ukaazi Ureno, huruhusu kufanya kazi huko. Ile ya Uhispania hairuhusu. Na ukikaa zaidi ya siku 183, Ureno inakuhesabu mkaazi wa ushuru, na inaangalia mapato yako ya dunia nzima.

27. Na kwa anayefuatilia siasa, mjadala ukianza tena, muulize kila anayeshika maikrofoni maswali haya. Unazungumzia mwenye pensheni au mwenye laptopu? Kiwango cha pesa umekipata kwa hesabu gani? Ushuru wake unakatwa na nani? Nyumba atakayoishi inatoka wapi, imejengwa mpya au imetolewa kwa mpangaji aliyekuwepo? Na makarani wa kushughulikia maombi wameajiriwa?

28. Asiyejibu la nyumba hajajibu lolote. Ureno ilifungua milango kwa miaka 15 ikiangalia pesa inayoingia, ikasahau kuhesabu vyumba. Wageni wenyewe hawakuvunja sheria hata moja; walitimiza kila sharti waliloandikiwa. Gharama ililipwa na mpangaji ambaye jina lake halikuwa kwenye fomu yoyote. Kabla hatujapigiana kelele kuhusu nani aje, tujue huyo mpangaji wetu ni nani na anaishi wapi leo.